Wakuu, hivi ligi ya Marekani itakuja kufikia Ulaya, au ni Messi tu?

Winga wa Temeke

Wakuu, habari za Jumapili.

Jana, tarehe 6 Desemba 2025, nilikuwa banda umiza hapa mtaani. Leeds na Liverpool wametoka 3-3, watu wamepiga kelele mpaka sauti zimekauka. Ilipofika saa nne na nusu usiku nikamwomba mwenye banda atuwekee fainali ya Marekani, Inter Miami na Vancouver. Akaniangalia kama nimemwomba apige taarabu msibani. "Hiyo nani atalipa kiingilio?" Akazima, akaanza kubebanisha mabenchi. Nikaenda kumalizia kwenye simu, bando likakata pale Messi alipompasia De Paul wakaongoza 2-1. Asubuhi ndiyo nimejua imeisha 3-1.

Sasa nauliza kwa nia njema kabisa. Hawa jamaa hela wanazo. Messi yupo tangu 2023, Son kaenda Los Angeles, Müller ndiye huyo jana alikuwa upande wa Vancouver. San Diego wamelipa dola milioni 500 kwa ajili tu ya kuruhusiwa kuingia kwenye ligi, hapo hawajanunua hata mpira. Na mwakani Kombe la Dunia linawafuata mlangoni.

Kuna jamaa yangu anabisha kwamba ndani ya miaka 10 ligi hii itakaa meza moja na Uingereza na Hispania. Mimi nimemwambia thubutu. Tumewekeana kreti ya soda. Mlioko huko na mnaoifuatilia, mnasemaje? Msiniletee habari za "Marekani wakiamua wanaweza". Nataka sababu.

Nawasilisha.

Kipa Namba Mbili

Ligi ya wastaafu hiyo. Mtu magoti yakimchoka Ulaya anaenda kuyapumzisha ufukweni. Anza kunywa soda zako mkuu.

Mha wa Fort Worth

Mkuu Winga, kwanza Vancouver ni Kanada, ila tuendelee.

Niko Fort Worth, Texas, mwaka wa tisa huu, naendesha lori. Mechi za ligi hii nimeziona uwanjani nyingi kuliko nilizowahi kuona za Ligi Kuu yetu, maana kwetu Kasulu ukitaka mechi ya maana unasubiri timu ije Kigoma mjini, na nauli uwe nayo.

Nikupe usiku mmoja tu. Tarehe 6 Agosti 2023, Frisco, kaskazini ya Dallas. FC Dallas na Miami, mashindano ya Leagues Cup, Messi ana wiki chache tu tangu ashuke kwenye ndege. Jua limeshazama lakini kiti bado kinachoma mapaja. Tiketi niliinunua kwa mtu, bei sitaitaja, mama watoto anapitaga humu.

Messi akafunga dakika ya 6. Nikasema basi, hela yangu imeshalipa. Lakini Dallas wakasawazisha, na kabla ya mapumziko Bernard Kamungo akafunga la pili. Nikaruka, nikamwaga soda ya jirani yangu, mzee mmoja wa Kimexico. Akaniuliza, "Ndugu yako?" Nikamwambia ndiyo. Si ndugu yangu. Ila yule kijana kazaliwa Kasulu, kambi ya Nyarugusu, wazazi wake wakimbizi kutoka Congo, na barabara ya kwenda kambi ile nimeipita mara ngapi ujanani nikiwa na tenga la dagaa nyuma ya baiskeli. Sasa yuko mbele yangu anamfunga Messi. Soda ya mzee nililipa.

Basi dakika ya 68 ubao unasoma 4-2, Dallas wako mbele. Timu yoyote iliyokomaa inajua cha kufanya hapo: unaushika mpira, unapiga pasi fupi fupi, unamchosha mwenzako, saa inakimbia. Wale wakaanza kubutua. Wakaanza faulo za kijinga karibu na boksi, na anayepiga mipira ya adhabu upande wa pili mnamjua. Dakika ya 80 Messi kapiga, beki wa Dallas kauingiza kwa kichwa golini kwake mwenyewe. Dakika ya 85 faulo nyingine, safari hii Messi kaweka moja kwa moja. 4-4. Penati, Miami wakashinda.

Ukitaka kuijua tofauti ya ligi hii na Ulaya, usimwangalie Messi. Ziangalie zile dakika ishirini na watu waliokuwa wakizicheza.

Na sababu yake ni hesabu tu. Mwaka huu wa 2025 bajeti ya mishahara ya kikosi kizima ni dola milioni 5.95. Messi peke yake, kwa orodha inayotolewa na chama cha wachezaji, anachukua milioni 20.4. Inawezekanaje? Mwaka 2007 Beckham alipokuja Galaxy, timu ya Los Angeles, walitunga kanuni ya kumpisha, na siku hizi kila timu inaruhusiwa watu watatu wa aina hiyo, mshahara wao unaingia kwenye bajeti kipande tu. Vipo vifuko vingine vya pembeni vya kujazia, vina majina na masharti ambayo hata mashabiki wa miaka ishirini hawayaelewi. Lakini mwisho wa yote ni sufuria la pilau lenye mapande matatu makubwa ya nyama, na mchele uliobaki ni wa kubahatisha.

Kima cha chini cha mchezaji wa kikosi ni dola 104,000 kwa mwaka. Usiione ndogo, ni hela. Ila dereva wa lori mwenye gari lake, mwaka ukimwendea vizuri, anaisogelea. Yaani mtu anavaa jezi moja na Messi, halafu mshahara wake na wa kwangu ni majirani. Mchezaji wa kiwango hichohicho akiitwa na timu ya katikati ya msimamo Ujerumani, unadhani atabaki?

Mliona Juni kwenye Kombe la Dunia la Klabu. Miami wamewafunga Porto 2-1 pale Atlanta, mara ya kwanza timu ya MLS, yaani hii ligi ya Marekani, kuifunga timu ya Ulaya kwenye mashindano ya FIFA. Hapa watu waliimba mpaka redioni. Siku kumi baadaye, uwanja uleule, PSG wakawapiga 4-0, zote kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili PSG walikuwa kwenye mazoezi mepesi. Seattle walicheza mechi tatu, wakafungwa tatu.

Kwa hiyo jamaa yako mwambie anunue soda.

Kocha wa Kisauni

Ndugu Mha, umesema kweli lakini umesema nusu.

Kwanza mtuambie, Ulaya ipi? Maana watu wakitaja Ulaya vichwani mwao wana timu kumi. Kuna Denmark, kuna Austria, kuna Ugiriki. Hao nao ni Ulaya. Mimi nimefunza vijana mpira hapa Mombasa miaka mingi, na nikitazama MLS sioni ligi ya kuchekwa. Winga wao wanakimbia, makocha wao wanasoma.

Pili, hicho kikomo cha mishahara unachokilaumu ndicho kilichowaweka hai. Wamarekani walishafanya fujo ya fedha zamani. Pelé alikwenda Cosmos ya New York mwaka 1975, Beckenbauer akamfuata 1977, New York ikajaa watu uwanjani. Kila mwenye timu akataka Pelé wake. Mwaka 1984 ikachezwa fainali ya mwisho, ligi ikafa. Hawa wa sasa wakaanza 1996 na timu 10, leo ziko 30. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Na huko Ulaya mnakokusifu, waulizeni watu wa Bury kule Uingereza. Klabu ya tangu 1885, ikafukuzwa ligini 2019 kwa sababu ya madeni. Bordeaux, mabingwa wa Ufaransa mara sita, mwaka 2024 wamejikuta daraja la nne. Victor Wanyama wetu alipotoka Tottenham 2020 alikwenda Montreal akakaa mpaka 2023. Sijawahi kumsikia mchezaji wa MLS akilia kwamba mshahara umechelewa miezi mitano. Hapa kwetu nawajua walioacha mpira wakaendesha bodaboda kwa jambo hilo hilo.

Tatu, wanauza. Alphonso Davies katoka Vancouver kwenda Bayern. Almirón katoka Atlanta kwenda Newcastle. Pepi katoka hapo hapo Dallas kwa ndugu Mha, kaenda Augsburg. Ligi inayouza si ligi mbovu. Porto kauza maisha yake yote, na ubingwa wa Ulaya kauchukua mara mbili.

Mha wa Fort Worth

Kocha, shikamoo. Nakubali kwamba hawafi, na ndiyo hoja yangu. Ligi imejengwa ili mwenye timu asipate hasara, haikujengwa ili timu iwe bora. Kisheria ni kampuni moja, wenye timu ni wabia, mkataba mchezaji anasaini na ligi yenyewe. Na hakuna kushuka daraja! DC United mwaka huu wamemaliza mkiani kabisa, na mwakani wapo, viti vyao vilevile. Kagera Sugar wangependa sana kanuni hiyo.

Hivi unajua mechi za Oktoba za timu isiyo na pa kwenda zinavyokuwa? Nimezikaa. Watu wanazungumza habari za mkopo wa nyumba. Mtoto anauliza twende lini. Beki anapoteza mpira, hakuna hata wa kumzomea. Linganisha na timu ya Uingereza inayopigania isishuke, mwezi wa tano, mvua, bibi wa miaka sabini anamtukana mwamuzi. Ule woga unamtengeneza mchezaji. Hapa woga haupo.

Kuuza, sawa. Ila Porto anauza akiwa anacheza Ulaya kila mwaka na watu wanaomshinda. Hawa wapinzani wao wa kweli ni Mexico, na hata hao hawajawamudu. Tangu 2008 ni Seattle peke yao, mwaka 2022, waliochukua ubingwa wa klabu wa ukanda wao wa Amerika Kaskazini na Kati. Vancouver hawa wa jana, tarehe mosi Juni walipigwa 5-0 na Cruz Azul fainali. Tano!

Dada wa Kona

Samahanini kuwaingilia. Mnaongea kana kwamba mpira wa Marekani unachezwa na wanaume peke yao.

Wanawake wao wamechukua Kombe la Dunia mara nne: 1991, 1999, 2015 na 2019. Ligi yao ndiyo Waafrika wanayoikimbilia sasa. Barbra Banda wa Zambia yuko Orlando, walichukua ubingwa 2024. Temwa Chawinga wa Malawi yuko Kansas City, msimu huohuo kafunga mabao 20 na kupewa uchezaji bora. Kansas City wamejenga uwanja wa timu ya wanawake, wa kwao, si wa kuazima kwa kaka zao. Mimi nacheza ligi ya mkoa, tunabadilishia nguo nyuma ya gari la mwenyekiti, kwa hiyo hapo naongea kwa wivu.

Swali la Winga kwa upande wetu lilishajibiwa zamani: walikuwa juu ya Ulaya. Ila tazameni. Januari mwaka huu Chelsea wamemchukua Naomi Girma, beki wao bora, kwa zaidi ya dola milioni moja. Baadaye wakamchukua na Alyssa Thompson. Na kwenye ligi ya wanawake Marekani nako kuna kikomo cha mishahara. Kwa hiyo Mha anaweza kuwa sahihi kuliko anavyojua.

Kipa Namba Mbili

Dada wa Kona kapiga kona ikaingia moja kwa moja 😂

Ila nimesikia wanahamisha kalenda iwe kama ya Ulaya. Hiyo haiwasaidii?

Mha wa Fort Worth

Wamepitisha mwezi uliopita. Kuanzia 2027 msimu utaanza Julai na kumalizika Mei, na kipindi cha baridi kali wanapumzika. Kwenye usajili itasaidia, maana sasa dirisha kubwa la Ulaya linawakuta katikati ya msimu, wanauza straika wakati wanamhitaji. Lakini nimepeleka mzigo Minnesota mwezi wa pili. Dizeli inaganda. Atakayekaa uwanjani siku hiyo mke wake akamkague akili.

Winga wa Temeke

Nawasoma wote, elimu tupu. Lakini Mha, kitu kimoja hakijaniingia. Nchi ina watu zaidi ya milioni 330. Hata kama mishahara ni midogo, wanakosaje vijana kumi na mmoja wa kutisha dunia? Sisi hapa watoto wanacheza na mpira wa makaratasi na vipaji vinaonekana.

Mha wa Fort Worth

Hapo mkuu umegusa kidonda.

Nina kijana wa miaka 12, anacheza kiungo. Klabu anayochezea, sitaitaja, nalipa dola 2,400 kwa mwaka. Hiyo ni ada tu. Jezi mbili na begi lenye namba yake ni mbali. Mashindano Houston wikiendi nzima, hoteli juu yako, na hoteli wanakuchagulia wao. Mafuta juu yako. Wazazi wenzangu ni mwanasheria, daktari wa meno na jamaa mmoja anauza mabwawa ya kuogelea. Mimi ndiye ninayefika na kichwa cha lori, nikiegesha wanadhani nimeleta mzigo.

Sasa njoo ninapokaa. Nyuma ya fleti zetu kuna maegesho ya magari ambayo sehemu moja haina magari, lami imepasuka. Kila jioni kuna mpira. Watoto wa Kikongo, Warundi, Waburma, Wahonduras. Magoli ni matoroli ya supamaketi yamelazwa ubavu. Matusi ni ya Kiswahili, hata Waburma wanatukana Kiswahili. Palikuwa na mtoto mmoja, kwao Uvira, Congo, mguu wa kushoto. Mkuu, mpira ulikuwa unamtii. Anaushusha kwa kifua kwenye lami, ukiwa bado haujagusa chini ameshakupita. Mwanangu anayelipiwa dola 2,400 alikuwa anapigwa kanzu na yule kila siku ya Mungu, anarudi nyumbani amenuna.

Nikampeleka kwenye majaribio ya klabu yetu. Kocha alimwangalia dakika kumi, akaja kuniuliza kama mimi ni baba yake. Wakampa nafuu ya nusu ada. Baba yake anafanya kiwanda cha kuku, zamu ya usiku, mama hana leseni ya gari. Mazoezi ni mara tatu kwa wiki, kilomita 30, na basi la kwenda huko hakuna. Mimi nikiwa mjini nilimbeba. Nikiwa barabarani, wiki nzima hakwenda. Baada ya miezi mitatu wakasema hahudhurii, nafasi akapewa mwingine. Sasa yuko sekondari, anacheza timu ya shule, miezi michache kwa mwaka, na nasikia wamemhamishia kwenye mpira wao wa Kimarekani, apige mateke ya mbali. Ule mguu!

Akademi za timu zenyewe za MLS ni bure, nisiwasingizie. FC Dallas wamelea watu. McKennie alikulia kwao, akaondoka kwenda Schalke bila kuwaachia hata senti. Lakini ili macho ya akademi yakufikie, lazima kwanza uwe kwenye hizi za kulipia, maana huko ndiko wanakoangalia. Kamungo mwenyewe akademi hawakumwona. Alifika Abilene 2016, mji ulio saa mbili na ushee magharibi ya hapa, akacheza shule, halafu kaka yake akamlipia majaribio ya wazi ya timu ya pili ya Dallas. Januari 2024 ameichezea timu ya taifa ya Marekani. Angeweza kuwa wetu, au wa Congo. Kama kaka angekuwa hana hela wiki ile, leo angekuwa naye anapiga mpira kwenye maegesho.

Pulisic, ambaye ndiye jina lao kubwa, hajacheza MLS hata dakika moja. Alikimbilia Dortmund akiwa kijana mdogo.

Kocha wa Kisauni

Marahaba ndugu yangu. Hapa nimenyamaza. Huyo mtoto wa Uvira hana mtu anayeweza kumrudisha?

Mha wa Fort Worth

Nimeongea na baba yake mara mbili, Kocha. Ana umri wa miaka 15 sasa. Baba anasema akimaliza shule aende kazini, wadogo zake wako wanne. Sina jibu la kumpa.

Winga wa Temeke

Aisee. Basi kreti ya soda jamaa yangu atailipa, nimempelekea uzi huu wote asome.

Ila swali la mwisho, Mha. Pamoja na yote hayo, wa kwako umemlipia msimu ujao?

Mha wa Fort Worth

Nusu. Nyingine wanaitaka kabla ya tarehe 15 Januari.